Kilomita 40 kwa saa, hapa kwetu Masoko

Asalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu. Ndugu mwenyekiti wa kitongoji, manahodha na mabaharia, viongozi wa BMU (kikundi chetu cha usimamizi wa ufukwe na uvuvi), mama zangu wa soko la samaki, vijana wa boti, na wanafunzi wangu ninaowaona wamejibanza kule kwenye ngazi: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii kabla mnada haujaanza.

Mwenyekiti aliponifuata shuleni aliniambia, "Mwalimu, njoo utusomee utabiri wa upepo." Nikamwambia kusoma watu wanajua. Sentensi yenyewe tumeikariri mpaka watoto wanaitamka wakicheza: upepo unatarajiwa kuvuma kutoka kusini mashariki kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa kwa pwani ya kusini, mikoa ya Lindi na Mtwara, bahari inatarajiwa kuwa na mawimbi makubwa kiasi. Taarifa inaishia hapo. Sisi tunabaki na swali letu: kutoka Somanga mpaka Msimbati, zaidi ya kilomita 200, upepo ni mmoja? Ghuba yetu hii ya Kilwa Masoko, yenye kisiwa cha Kilwa Kisiwani mbele yake, imo ndani ya hizo kilomita 40 au haimo?

Hilo ndilo lililonileta. Mamlaka ya Hali ya Hewa inafanya kazi yake, nami naiheshimu. Lakini kazi yake inaishia kwenye pwani nzima. Kuuleta utabiri kutoka pwani nzima mpaka kwenye mlango wa ghuba yetu ni kazi yetu sisi wa hapa, na bado hatujaifanya.

Nianze na neno "kutoka". Upepo huitwa kwa jina la unakotoka. Kusi inatoka kusini, kaskazi inatoka kaskazini, hapo hakuna mtu wa pwani anayekosea. Lakini vijana wanatumia simu, na kwenye programu nyingi za simu mshale unaonyesha upepo unakokwenda, huku maandishi yakisema unakotoka. Nimemwona kijana akiangalia mshale umeelekea kaskazini magharibi, akasema leo tuna upepo wa kaskazini magharibi. Ilikuwa Julai! Kwa hiyo soma herufi kwanza, mshale baadaye.

Mkondo wa maji una desturi tofauti: wenyewe huitwa kwa unakokwenda. Na mkondo mkubwa ulioko nje ya pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi unapata nguvu kwa sababu upepo unausukuma mgongoni, wakati wa kaskazi unapungua kasi lakini haugeuki. Nawakumbusha jambo ambalo watoto hulisoma kwenye historia bila kuliona baharini. Aprili 1498, meli za Vasco da Gama zilitaka kuingia hapa Kilwa. Zikapitilizwa na mkondo na upepo, na zilipojaribu kurudi zikashindwa, zikaishia kwenda Mombasa. Ni maji haya haya. Wazee wetu waliijua sheria hiyo zamani. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliletwa na pepo hizi za msimu. Mji ulijengwa hapa kwa sababu kaskazi ya msimu mmoja iliweza kuwaleta wafanyabiashara wa Uarabuni mpaka huku, na kusi ikawarudisha kwao. Zaidi ya hapa, kusini, muda ulikuwa hauwatoshi.

Sasa kasi. Taarifa ya redio inasema kilomita kwa saa. Simu nyingi zinasema noti, yaani maili za baharini kwa saa. Noti 1 ni kilomita 1.85. Mkitaka njia ya kichwani, chukua noti, zidisha mara 2, kisha punguza kidogo: noti 20 ni kilomita 37. Baadhi ya programu zinaandika mita kwa sekunde, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu namba inakuwa ndogo. Mita 11 kwa sekunde ni kilomita 40 kwa saa. Kijana akiona "11" tu, bila kuangalia kilichoandikwa pembeni yake, atasema upepo mwembamba, atapandisha tanga lote.

Na tanga ndilo la kufikiria. Kasi ya upepo ikizidi mara 2, nguvu inayosukuma tanga huzidi mara 4. Kutoka kilomita 20 kwenda 40, msukumo kwenye mlingoti, kwenye foromali, ile boriti inayobeba tanga, na kwenye mikono ya anayeshika demani, kamba ya tanga, ni mara 4. Wenye ngalawa wanalijua hili kwa mikono yao, wanatikisa vichwa hapa mbele. Nimelisema kwa ajili ya wale wanaoona kwamba tofauti ya 30 na 40 ni ndogo.

Jambo lingine ambalo taarifa haina nafasi ya kulieleza: kilomita 40 ni wastani. Upepo hupimwa kwenye nguzo ya mita 10, mahali pa wazi, na kinachotajwa ni wastani wa dakika kadhaa, kwa kawaida 10. Ndani ya dakika hizo upepo unapungua na kuzidi. Mivumo ya ghafla inaweza kuzidi wastani kwa theluthi au hata nusu. Kwa hiyo mkiambiwa 40, jiandaeni kwa vishindo vya 50 na ushee. Mawimbi ni hivyo hivyo. Wakisema mita 2, wanamaanisha wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Katika safari ya saa nyingi, wimbi moja la karibu mara mbili ya hapo linaweza kuja, na hilo moja ndilo linaloijaza mashua maji.

Sasa turudi kwenye ghuba yetu, kwa maana hapa ndipo penye kazi.

Programu za simu mnazozitumia, ikiwemo Windy, hazina mtu wala kipimo hapa Masoko. Zinachukua hesabu za kompyuta kubwa zinazoigawa dunia kwenye miraba. Hesabu ya kituo cha Ulaya ina miraba ya kilomita 9 hivi, ile ya Marekani kilomita 13 hivi. Kutoka gati letu mpaka Kisiwani ni kama kilomita 2. Kwa kompyuta, gati, mkondo wa katikati, Kisiwani na kipande cha bahari kuu vinaweza kuwa mraba mmoja. Haijui kwamba Kisiwani kinatukinga. Haijui mikoko iko wapi. Inatoa namba moja kwa vyote hivyo, nasi tunaiamini kama vile imepimwa kwenye ngazi ya soko.

Sasa tazameni kinachotokea Julai kama hii. Kusi inatoka kusini mashariki. Ukisimama hapa sokoni, Kisiwani kimekaa upande wa kusini, kinavunja upepo na wimbi. Maji ya gatini yanatulia. Mtu anatazama, anasema: hao wa Dar es Salaam wametuambia 40, mbona bahari kama mafuta? Anapandisha tanga. Akifika kwenye mlango wa ghuba, kinga imekwisha, anakutana na bahari ile iliyotajwa redioni. Utabiri ulikuwa sahihi tangu asubuhi. Alichokuwa anakitazama yeye ni kivuli cha kisiwa.

Nawaomba, nahodha yeyote anayetaka kuhakikisha utabiri kwa macho yake asiutazame gatini. Apande mpaka ufukwe wa Jimbiza, unaotazama bahari wazi. Atazame mbali, akitafuta vichwa vyeupe vya mawimbi. Vikiwa hapa na pale tu, upepo uko kati ya kilomita 12 na 19 kwa saa. Vikiwa vingi na vumbi linaruka nyuma yake, uko kati ya 20 na 28. Bahari ikiwa nyeupe kila upande, na matawi makubwa ya miti yanayumba, na mwavuli haushikiki, hapo ni 40 na kuendelea, hata kama gatini watoto wanaogelea. Vipimo hivi vinatokana na kazi ya baharia wa Uingereza, Beaufort, aliyeanza kuvipanga mwaka 1805, wakati huo meli za kivita zikiwa za matanga kama mashua zetu.

Jambo la pili la kwetu ni saa. Wazee wanajua: alfajiri kuna umande, upepo mwembamba kutoka barani, ndio unaotutoa. Usiku nchi kavu imepoa kuliko bahari, hewa inateremka kuelekea majini. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto haraka, hewa inageuka, inaanza kuingia kutoka baharini. Msimu wa kusi, upepo huo wa mchana hauji peke yake, unaungana na kusi yenyewe. Ndiyo sababu saa kumi na mbili asubuhi mnaona utulivu, na saa nane mchana mambo ni mengine kabisa. Taarifa ya jioni inataja namba moja kwa siku nzima, na kwa usalama wanataja ile kubwa. Ukitoka alfajiri ukakuta kilomita 10, usiseme wamekosea. Siku haijafika bado.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Mdogo wangu wa mwisho, miaka kadhaa iliyopita, alitoka na wenzake wawili kwenda Songo Songo. Utabiri wa usiku uliokuwa umesomwa ulisema 40. Walitoka na umande, bahari imelala, wakaenda kwa raha, upepo ukawashika mgongoni, wakafika mapema kuliko walivyotarajia. Walimaliza shughuli zao mchana, wakataka kurudi. Songo Songo iko kaskazini yetu. Upepo uliowapeleka kwa raha ndio uliowakatalia kurudi. Walipiga bisha, yaani kwenda mshazari kuukabili upepo, tangu saa saba, huku mkondo nao ukiwarudisha kaskazini. Petroli ya mashine yao ndogo ikaisha. Jua likazama wakiwa bado hawajauona mlango wa ghuba. Walilala kwenye fungu la mchanga, wakiwa wameishikilia mashua kwa zamu mpaka maji yalipopwa. Mama yangu hakukaa kitako usiku ule. Walirudi wazima, alhamdulillahi, lakini nilimwona mama akizeeka kwa usiku mmoja.

Nilipomuuliza mdogo wangu kama alisikia utabiri, alisema aliusikia. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba namba ile ni ya saa nane mchana, wala kwamba safari ya kaskazini wakati wa kusi huhesabiwa kuanzia kurudi. Sisi walimu hatukumfundisha. Mimi sikumfundisha, na ni ndugu yangu.

Tuje kwenye maneno matatu yanayotumika pale hali inapokuwa mbaya: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Yana rangi zake, njano, rangi ya machungwa na nyekundu. Watu wanayachukulia kama kitu kimoja. Upepo wa kilomita 40 na mawimbi ya mita 2 kwa kawaida huja kama angalizo. Na chini ya kila tangazo kuna vitu viwili vimeandikwa ambavyo redio mara nyingi haina muda navyo: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Tangazo linaweza kusema uwezekano ni mdogo lakini athari ni kubwa. Hiyo ina maana: huenda lisitokee, lakini likitokea litaumiza. Lisipotokea, aliyetangaza hakusema uongo.

Mnakumbuka Aprili 2021, kimbunga Jobo. Tuliambiwa kinakuja kwenye pwani yetu. Watu waliahirisha safari, wengine walihamisha vyombo. Jobo kikaisha nguvu kabla ya kutufikia. Maneno yaliyosemwa kwenye vijiwe baada ya hapo nayakumbuka, na yalinisikitisha, kwa sababu yalikaa vichwani. Miaka 3 baadaye, Mei 2024, likaja tangazo la Hidaya. Tarehe 4 Mei kikafika Mafia, hapo kaskazini yetu tu. Sisi wa Kilwa hatuhitaji kuelezwa kilichofuata: mvua ile, na barabara ya Dar es Salaam iliyokatika Somanga, na malori yaliyopanga foleni. Waliokuwa wamevuta vyombo vyao juu kwa sababu ya tangazo walikuwa na vyombo baada ya Hidaya. Na walio wazee kabisa hapa walisimuliwa na wazazi wao kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952. Vimbunga ni nadra kwetu, havipendi kufika karibu sana na ikweta, lakini nadra si kamwe, na miezi yake ni ile ya mwisho wa kaskazi na mwanzo wa kusi.

Miezi hiyo ya maleleji ina hatari nyingine ambayo utabiri wa upepo wenyewe hauioni vizuri. Upepo wa msimu unakuwa umelegea, taarifa inasema kilomita 20, halafu inaongeza "na ngurumo za radi katika maeneo machache". Mtu anasikia 20, anafurahi. Wingu la radi linapomwaga mvua, hewa baridi inashuka nayo na kutawanyika juu ya maji kwa nguvu, kwa dakika chache, kutoka upande wowote. Mkihisi baridi ya ghafla usoni na wingu jeusi liko karibu, shusheni tanga kabla hamjaambiana kitu. Hapo hakuna kompyuta itakayowasaidia, na wazee wanaoisoma rangi ya wingu wanajua kuliko simu.

Nasema hivyo kwa makusudi, maana kuna wanaodhani nimekuja kuushindanisha utabiri na elimu ya wazee. Marehemu baba yangu alikuwa nahodha wa mashua. Alikuwa akitoka nje saa tisa usiku, anatazama nyota, ananusa, anarudi ndani bila kusema neno, na sisi tulijua kama kuna safari au hakuna. Elimu ile iliona saa chache za mbele na iliiona ghuba hii kwa undani ambao hakuna setilaiti inayoufikia. Lakini baba hakuweza kuona kitu kilichoko Madagaska kinachokuja huku baada ya siku 3. Utabiri unaweza. Kila mmoja unaona pale ambapo mwenzake haoni.

Mama zangu wa dagaa na mwani, sijawasahau. Upepo mkavu wa mchana ndio mnaoutaka kwenye vichanja, na sasa mnajua kwamba unaanza saa nne hivi na kukaza mchana, kwa hiyo anikeni mapema. Na wenye majiko karibu na mabanda ya makuti: siku ya kilomita 40, cheche moja haikai ilipoanguka. Moto uzimwe kabisa kabla ya saa sita, au uhamishiwe nyuma ya ukuta.

Ombi langu kwa BMU ni ubao na daftari, basi. Ubao uwekwe hapa kwenye ngazi, kila jioni mtu wa zamu aandike: mwelekeo, kasi, mawimbi, rangi ya tangazo kama lipo, na saa za maji kujaa na kupwa. Daftari liwe la wanaorudi. Nahodha akitia nanga aseme maneno mawili: alikuwa wapi, na upepo aliokutana nao ulikuwaje ukilinganisha na ubao. Mimi nimefanya hivyo peke yangu kwa msimu mzima, nikiwauliza wachache wanaonivumilia, na tayari naona kwamba mlangoni na gatini ni sehemu mbili zisizofanana hata kidogo wakati wa kusi, na wakati wa kaskazi Jimbiza haina kinga yoyote. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wako tayari kuandika. Tukiwa na misimu miwili ya maandishi, tutakuwa na kitu ambacho mtu anaweza kukichukua akakaa nacho na wataalamu wa hali ya hewa, wakatupa utabiri unaoitaja ghuba kwa jina.

Tufanye utabiri wa kesho pamoja, kwa sababu mnada unakaribia. Taarifa ya jana jioni kwa ajili ya kesho: kusini mashariki, kilomita 40 kwa saa, mawimbi mita 2, angalizo, uwezekano wastani. Mwezi ulikuwa mpevu juzi, kwa hiyo tuko kwenye bamvua, siku za maji makubwa, na maji ya hapa yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kesho maji yanajaa karibu saa kumi na moja alfajiri, yanapwa mpaka karibu saa tano asubuhi, kisha yanaanza kuingia tena.

Atakayetoka kumi na mbili asubuhi atakuwa na umande mgongoni na maji yanayotoka yakimvuta. Gatini ataona raha. Mlangoni, maji hayo yanayokimbia nje yanakutana na wimbi la kusi linaloingia, na wimbi linalopingana na mkondo hufupika na kusimama wima. Hapo ndipo pa kuogopa kesho, na ni asubuhi, wakati upepo wenyewe bado mdogo. Mchana upepo utakaza, lakini maji yatakuwa yanaingia pamoja nao, mlango utakuwa mpole zaidi kwa anayerudi kuanzia saa saba. Kwa wenye ngalawa, mimi ningebaki ndani ya ghuba, upande wa mikoko. Kwa wenye mashua kubwa na mashine nzima, wangoje saa tano maji yaliyopwa yatulie ndipo wavuke mlango, na wasiende kaskazini. Mwenye safari ya Songo Songo aulize bei ya petroli ya kurudi kabla ya ile ya kwenda.

Mzee pale nyuma amenyoosha mkono, anasema fungu la mlangoni limehama tangu Hidaya na wimbi sasa linasimama upande mwingine. Mzee wangu, njoo hapa mbele. Kijana, mpe chaki.